Korona ya Jua: kompyuta inatabiri kwa jicho moja

Kila Jua linapopatwa kikamilifu siku hizi, picha mbili husambazwa zikiwa ubavu kwa ubavu. Moja imechorwa na kompyuta siku kadhaa kabla ya tukio. Nyingine imepigwa na kamera ndani ya kivuli cha Mwezi. Zote mbili zina duara jeusi katikati, na kulizunguka duara hilo ndimi za mwanga mweupe zinazochongoka kuelekea gizani: korona, angahewa ya nje ya Jua. Mtazamaji hupeleka jicho kushoto, hulirudisha kulia, huona ndimi ziko karibu mahali palepale, na hukumu hutoka papo hapo. Wamepatia.

Wamepatia nini hasa? Swali hilo huulizwa kwa nadra, na pengine ni kwa sababu picha zenyewe ni nzuri mno kiasi kwamba kuhoji huonekana uchokozi. Msimamo wangu ni kwamba modeli hizi, yaani hesabu za kompyuta zinazotabiri korona, zinasifiwa sana kwa jambo lililo rahisi na kusahauliwa kwa jambo lililo gumu. Na kinachozikwamisha leo si uchache wa kompyuta. Ni macho tunayoziazima.

Kwanza korona yenyewe, maana wengi wetu Afrika Mashariki tumeona kupatwa ambako korona haikutokea kabisa. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama Jua likipatwa. Kupatwa kule kulikuwa kwa pete: Mwezi ulikuwa mbali kidogo na Dunia, haukutosha kulifunika Jua lote, na pete nyembamba ya Jua ikabaki wazi. Pete hiyo inatosha kuharibu kila kitu, kwa sababu korona ina mwangaza wa takriban sehemu moja ya milioni ya mwangaza wa uso wa Jua. Kuiona kunahitaji uso wote ufunikwe, kama ulivyofunikwa Turkana tarehe 30 Juni 1973, au katika maeneo ya Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya tarehe 16 Februari 1980, au Pakwach, kaskazini mwa Uganda, tarehe 3 Novemba 2013, ambako giza lilidumu kwa sekunde zisizofika nusu dakika.

Korona ina joto la nyuzi milioni moja na zaidi, ilhali uso wa Jua ulio chini yake una nyuzi 5,500 hivi. Kwa nini anga la juu liwe na joto kuliko uso linakotoka ni fumbo ambalo bado halijafungwa. Katika joto hilo atomi hupokonywa elektroni zake na gesi hugeuka plazima, yaani gesi yenye chaji, inayoburutwa na sumaku. Mahali ambapo mistari ya sumaku inatoka usoni, ikapinda na kurudi chini, plazima hunaswa ndani ya matao, hujazana, na huonekana angavu. Mahali ambapo mistari imefunguka kuelekea angani, plazima hutoroka na kuwa upepo wa Jua, na sehemu hiyo hubaki hafifu na nyeusi. Ndiyo matundu ya korona. Mwanga mweupe tunaouona wakati wa kupatwa ni wa uso wa Jua, unaotawanywa na elektroni zilizotapakaa juu yake. Penye elektroni nyingi pana mwanga mwingi. Kwa hiyo umbo la korona ni ramani ya mahali sumaku ilipofunga na mahali ilipofungua.

Ukishalielewa hilo utaona kwa nini umbo ndilo sehemu rahisi.

Mwaka 1969 Kenneth Schatten na wenzake, na kwa upande mwingine Martin Altschuler na Gordon Newkirk, walionyesha njia ambayo bado inatumika. Unachukua ramani ya sumaku ya uso wa Jua. Unajifanya kwamba hakuna mikondo ya umeme ndani ya korona. Kisha ukifika umbali fulani, ambao kwa desturi ni nusukipenyo 2.5 za Jua kutoka kitovuni, unailazimisha mistari yote inyooke kwenda nje. Basi. Hakuna joto ndani ya hesabu hiyo, hakuna upepo, hakuna mwendo wa wakati, na siku hizi inafanyika kwenye kompyuta ya mezani bila jasho. Pamoja na umaskini wake wote, inakuonyesha ndimi kubwa zitatokea wapi na matundu yatakuwa wapi, mara nyingi kwa usahihi unaoridhisha.

Huo ndio mstari ambao ningetaka kila utabiri wa gharama upimwe kwao. Ukiilinganisha modeli kubwa na ujinga mtupu, itashinda daima. Swali la haki ni hili: imeongeza nini juu ya hesabu ya mwaka 1969?

Wanaoulizwa swali hilo zaidi ya wengine wote ni watafiti wa Predictive Science, kampuni ndogo ya utafiti iliyoko San Diego, California. Zoran Mikić na Jon Linker, kabla hata kampuni hiyo haijaanzishwa, walitabiri korona ya kupatwa kwa tarehe 24 Oktoba 1995, ambako kivuli kilipita Iran na India hadi Asia ya Kusini-Mashariki. Tangu hapo kundi lao limekuwa likitoa utabiri wa kupatwa baada ya kupatwa. Modeli yao inafuata fizikia kamili ya plazima na sumaku kwa pamoja, ile inayoitwa magnetohaidrodinamiki: sumaku inaisukuma plazima, plazima nayo inaivuta sumaku, joto linasafiri, upepo unapuliza. Mwaka 1995 sehemu ya joto ilikuwa imerahisishwa sana. Kufikia kupatwa kwa tarehe 21 Agosti 2017, kulikoikata Marekani kutoka Oregon hadi South Carolina, joto lilikuwa linaingizwa kwa njia ya mawimbi yanayopanda kutoka usoni na kuvunjikavunjika kuwa msukosuko, na korona ilikuwa imegawanywa katika makumi ya mamilioni ya vijisanduku vya hesabu, kazi iliyotaka maelfu ya prosesa kwa siku kadhaa. Walitoa picha yao takriban wiki moja kabla.

Hapa lazima niseme jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: kutangaza kabla ni ushujaa wa kisayansi. Ni rahisi sana kuchukua picha ya kupatwa iliyokwisha kupigwa, kisha ukakoroga namba za modeli hadi zikubali. Kazi za namna hiyo ziko tele na zina manufaa yake, lakini hazimfungi mtu. Kupatwa kwa Jua kunajulikana kwa saa, dakika na sekunde miaka mingi mbele. Hakuahirishwi, na matokeo yake hayafichiki kwa sababu maelfu ya watu wana kamera. Anayetundika utabiri wake hadharani wiki moja kabla amejivua kinga zote. Kwa hilo peke yake kundi hili linastahili heshima kuliko ile inayotokana na uzuri wa picha.

Utabiri wa 2017 ulifanya vizuri, na makala yao ya mwaka 2018 katika jarida la Nature Astronomy inaeleza vizuri kiasi gani. Ndimi kuu zilikuwa mahali pake. Zaidi ya hapo, kulikuwa na kitu ambacho hesabu ya 1969 haiwezi kukitoa hata ukiibembeleza: sumaku iliyosokotwa. Kwenye mipaka ambapo sumaku ya kaskazini inakutana na ya kusini usoni mwa Jua, mistari huvutwa na kujiviringa, ikahifadhi nishati. Watafiti waliingiza msokoto huo kwa makusudi, na sehemu za chini za ndimi zikavimba na kutanuka kwa namna inayokaribia ile inayoonekana kwenye picha halisi. Hii ndiyo nyongeza ya kweli juu ya modeli ya bei rahisi, na ina uzito, kwa sababu nishati hiyo iliyosokotwa ndiyo inayolipuka.

Sasa tuje kwenye kulinganisha. Picha zote mbili zimepikwa. Mwangaza wa korona hushuka kwa kasi mno kadiri unavyokwenda mbali na ukingo wa Jua, na hakuna kamera inayoweza kuunasa wote kwa mfyatuo mmoja. Kwa hiyo wataalamu huunganisha picha nyingi zilizopigwa kwa muda tofauti, kisha huzichakata ili kingo na nyuzi ndogondogo zijitokeze. Bingwa wa sanaa hii ni Miloslav Druckmüller, mwanahisabati wa Brno, katika Jamhuri ya Czech, na picha zake ni za kustaajabisha. Upande wa modeli nako mwangaza uliokokotolewa hupitishwa kwenye vichujio vinavyofanya kazi ya aina hiyo hiyo. Si udanganyifu, bila hivyo usingeona kitu. Lakini matokeo yake ni kwamba tunalinganisha kingo na kingo, tena kwa jicho. Jicho la binadamu linapenda kuona mfanano. Likiona ndimi sita kila upande, nne zikiwa zimelingana, litasherehekea nne na kuzisamehe mbili. Na kingo hazisemi chochote kuhusu kiasi: modeli inaweza kuweka ulimi mahali pake na bado ikakosea wingi wa elektroni ndani yake au joto lake.

Ndiyo maana nathamini zaidi kazi isiyopendeza machoni. Shadia Habbal wa Chuo Kikuu cha Hawaii, pamoja na kundi lake linalofuata kupatwa kwa Jua duniani kote, hupima mwanga wa atomi za chuma zilizopoteza elektroni nyingi. Kila hali ya chuma hung'aa kwa rangi yake na hustawi katika joto lake, kwa hiyo picha za namna hiyo ni vipimajoto. Baada ya kupatwa kwa tarehe 2 Julai 2019 huko Chile na Argentina, vipimo vya mwangaza huo viliwekwa pamoja na utabiri wa modeli, chuma kwa chuma. Huko ndiko mtihani wa kweli uliko, ingawa hauwezi kuwa picha ya kusambaza kwenye simu.

Kuna na suala la lini mtihani unafanyika. Jua lina mzunguko wa takriban miaka 11. Likiwa limetulia, sumaku yake hukaribia mpangilio wa ncha mbili: ndimi ndefu kandokando ya ikweta, nyuzi fupi zilizonyooka kwenye ncha. Mtu yeyote anayejua mwaka wa mzunguko anaweza kuuchora mchoro huo kwa kalamu na akapata alama za kutosha. Likiwa kwenye kilele, madoa ya Jua huibuka na kufa kila wiki, ndimi hutokeza pande zote, na korona huwa duara lenye miiba. Mwaka 2019 na 2020 yalikuwa maswali mepesi. Mwaka 2017, Jua likielekea utulivu, lilikuwa swali la kati. Mwaka 2024 lilikuwa gumu. Kusema tu kwamba modeli zimepatia kila mara, bila kutaja ugumu, ni kuchanganya madaraja.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka India. Dibyendu Nandy na wenzake wa IISER Kolkata, taasisi ya elimu na utafiti wa sayansi, waliitabiri korona ya 2017 kwa njia nyingine kabisa. Walitumia modeli inayosafirisha sumaku juu ya uso wa Jua, ikiisukuma na mikondo inayojulikana ya mzunguko na ya kuelekea kwenye ncha, wakaiacha iende mbele, kisha juu ya uso huo waliokisia wakajenga korona. Ndimi zilitokea vizuri. Hitimisho lao ndilo linalonivutia: maumbo makubwa ya korona yana kumbukumbu ya mizunguko kadhaa ya Jua kwenye mhimili wake, kila mmoja siku 27 hivi, na kwa hiyo yanaweza kutabiriwa mwezi mmoja au zaidi kabla. Waliongeza tahadhari kwamba muda wa kumbukumbu hiyo huenda unategemea awamu ya mzunguko wa miaka 11. Kwa lugha nyepesi, mwaka 2017 Jua lilikuwa linakwenda polepole kiasi kwamba hata taarifa za zamani zilitosha. Sifa za mwaka ule tugawane na Jua lenyewe.

Ndipo ikaja tarehe 8 Aprili 2024. Kivuli kilipita Mexico, Marekani na Canada, Jua likiwa karibu na kilele chake. Kundi la San Diego lilijua kwamba njia ya zamani isingefaa. Njia hiyo ilikuwa kuchukua ramani moja ya sumaku, iliyokusanywa kwa muda wa mzunguko mzima wa Jua, siku 27 kama tunavyouona kutoka duniani, na kuikokotoa kana kwamba Jua lote lilikaa kimya wakati huo wote. Safari hii waliiacha modeli iende bila kusimama kwa wiki kadhaa, ikipokea vipimo vipya vya sumaku kila vilipopatikana kutoka kwenye setilaiti ya NASA iitwayo SDO, na utabiri ukawa unabadilika kadiri siku ya kupatwa ilivyokaribia. Korona ikawa kitu kinachoishi, chenye matao yanayofunguka na kufunga, na baadhi ya vitu vilivyotokea humo visingeweza kutokea kwenye modeli iliyosimama.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2025, yakiongozwa na Cooper Downs. Kati ya yote yaliyomo, sentensi ninayoirudia ni ile inayosema kwamba utabiri na picha vilikubaliana zaidi katika maeneo ya korona yaliyo juu ya uso uliopimwa karibuni.

Fikiria maana yake. Kompyuta ile ile, fizikia ile ile, siku ile ile, Jua lile lile. Upande mmoja inapatia zaidi, upande mwingine inapwaya. Tofauti iko kwenye umri wa kipimo.

Umri huo unaweza kuuhesabu mwenyewe. Sumaku ya Jua hupimwa kwa kutazama jinsi inavyogawanya mistari ya rangi katika mwanga, na kipimo huwa kizuri zaidi katikati ya uso unaotuelekea. Karibu na ukingo tunatazama kwa mshazari na usahihi unaporomoka. Eneo lililoko ukingo wa magharibi lilipita katikati siku saba hivi zilizopita. Eneo linalochomoza ukingo wa mashariki lilipita katikati takriban siku 20 zilizopita, kisha likaenda nyuma ya Jua ambako hakuna aliyekuwa anapima. Wiki mbili za upofu, wakati wa kilele, zinatosha kuzaa doa kubwa na kulikuza. Ni kama mtabiri wa hali ya hewa wa Dar es Salaam anayeletewa vipimo vya leo kutoka Zanzibar, ilhali vya Morogoro ni vya wiki tatu zilizopita, halafu analaumiwa kwa mvua iliyotoka Morogoro.

Ncha nazo zina shida yake. Mhimili wa Jua umeinama nyuzi 7.25 tu kulinganisha na njia ya Dunia, kwa hiyo kila ncha huiona Dunia vizuri kidogo mara moja kwa mwaka, ya kusini Machi na ya kaskazini Septemba. Muda uliobaki tunajaza pengo kwa makisio. Na ncha ndizo zinazoamua umbo la jumla la korona wakati Jua limetulia.

Hadi hapa nimelizungumzia umbo. Kuna kasoro nyingine isiyoonekana kwenye picha yoyote, na kwangu hiyo ndiyo nzito. Mwaka 2017 huohuo wa sifa, Jon Linker na wenzake walichapisha makala kuhusu sumaku iliyofunguka, ile inayobebwa na upepo wa Jua hadi kwetu. Vyombo vilivyoko angani karibu na Dunia vinaipima moja kwa moja. Modeli zinaikokotoa kutoka kwenye ramani za uso na matundu ya korona. Hesabu hizo mbili hazikutani: modeli zilizojengwa ili zilingane na matundu yanayoonekana hutoa sumaku pungufu mno, takriban nusu au chini ya hapo. Ama ramani za uso zinaipunja sumaku, hasa nchani, ama kuna maeneo yaliyofunguka ambayo hayaonekani meusi. Isitoshe, vituo tofauti vya kupima Jua hilohilo hutoa nguvu za sumaku zinazotofautiana waziwazi, na mtafiti hulazimika kuchagua aamini ramani ipi.

Tafakari hapo. Modeli inaweza kukupa picha ambayo umati utaishangilia, ndani yake ikiwa na nusu tu ya sumaku inayotakiwa kutufikia. Ukizidisha ramani nzima kwa mbili katika hesabu ya mwaka 1969, umbo la mistari halibadiliki hata kidogo. Umbo ni shahidi mpole kupita kiasi. Linakubali majibu mengi. Nawasifu watafiti hao kwa kuianika kasoro yao wenyewe katika mwaka wa ushindi wao, na nawalaumu kidogo waandishi wa habari za sayansi, wenzangu, ambao tuliichukua picha tukaiacha makala.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini yote haya yatusumbue, kwani ndimi za mwanga zikikosewa kwa nyuzi tano nani anaumia? Tarehe 10 na 11 Mei 2024, mwezi mmoja tu baada ya kupatwa kule, Dunia ilipigwa na dhoruba ya sumaku ya daraja la juu kabisa, G5, ya kwanza tangu mwaka 2003. Februari 2022 dhoruba ndogo tu ilitosha kuivimbisha angahewa ya juu na kuziangusha setilaiti 38 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa muda mfupi kabla. Sisi tulio karibu na ikweta tuna hali yetu: tabaka la angahewa lenye chaji hapa kwetu huchafuka kirahisi, na mawimbi ya GPS hupita humo. Mlipuko wa Jua husafiri ndani ya korona na upepo wake. Njia yake na kasi yake hutegemea kilichokuwapo kabla haujatokea. Bila korona sahihi hakuna utabiri sahihi wa dhoruba. Na jambo moja linaloamua ukali wa dhoruba, yaani mwelekeo wa sumaku iliyobebwa na mlipuko, hadi leo tunalijua kwa uhakika pale tu linapofikia vyombo vilivyoko kilomita milioni 1.5 kutoka kwetu, ikiwa imebaki saa moja au pungufu.

Milipuko yenyewe haimo katika utabiri wa kupatwa, na haifai kuidai. Tarehe 14 Desemba 2020, kivuli kilipopita Chile na Argentina, korona ilikuwa na mlipuko mkubwa wenye mapovu mawili ukitoka wakati huohuo. Picha za siku hiyo zilinasa hata nyota yenye mkia iliyokuwa ikiukaribia mwisho wake. Modeli haikuwa na wajibu wa kuvijua hivyo, ingawa nakiri ningefurahi kuona sura za watafiti wake pale ndimi zilipogubikwa na mgeni asiyealikwa.

Kwa hoja hizi, naona mwelekeo wa fedha na juhudi ubadilike. Kila kupatwa, habari hujaa majina ya kompyuta kubwa na idadi ya prosesa, na ni kweli kwamba bila hizo modeli inayokwenda na wakati isingewezekana. Lakini kuongeza vijisanduku mara kumi juu ya ramani ya wiki tatu zilizopita kutakupa kosa lilelile likiwa limechorwa kwa unadhifu zaidi. Kinachohitajika ni vipimasumaku mahali pengine mbali na mstari wa Dunia na Jua. Solar Orbiter, chombo cha Ulaya na NASA kilichorushwa Februari 2020, kinacho kimoja, na mara kwa mara mzingo wake hukipeleka kutazama upande tusiouona, tena sasa kimeanza kupanda juu ya ikweta ya Jua na kuzikodolea ncha. Kasoro ni kwamba hakikai mahali pamoja. Shirika la anga za juu la Ulaya linaandaa chombo kingine, Vigil, kinachopangwa kurushwa mwaka 2031, kitakachokaa nyuzi 60 nyuma ya Dunia kwenye mzingo wake na kuona maeneo ya mashariki siku nne au tano kabla hayajatugeukia. Ni kifaa cha ufuatiliaji wa kila siku, kisicho na mvuto wa kihabari, na naamini kitaiboresha picha ya korona kuliko kompyuta yoyote itakayonunuliwa katika muda huo. Kwa upande wa kupima majibu, setilaiti pacha za Proba-3, zilizorushwa kutoka India Desemba 2024, hujipanga mita 150 moja nyuma ya nyingine na kutengeneza kupatwa bandia kwa saa kadhaa mfululizo, kwa hiyo hatulazimiki tena kusubiri Mwezi ili tujue kama modeli imekosea.

Mwezi hata hivyo bado una zamu yake. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitaingia kusini mwa Hispania, kitafagia Afrika Kaskazini hadi Luxor, Misri, ambako giza litadumu kwa zaidi ya dakika sita, kisha kitavuka Bahari ya Shamu. Walioko Jeddah na Makka wataiona korona. Yemen na pembe ya Somalia pia. Kenya na Tanzania tutaona Jua likimegwa sehemu tu, na hapo hakuna korona.

Kwangu, uzuri wa tarehe hiyo ni wa kihesabu. Kilele cha mzunguko uliopita wa Jua kilikuwa mwaka 2014, na kupatwa kwa Marekani kukaja miaka mitatu na kidogo baadaye. Kilele cha mzunguko huu kimekuwa mwaka 2024. Yaani mwaka 2027 Jua litakuwa karibu na hali lililokuwa nayo 2017, ugumu wa swali utakaribiana, na kwa mara ya kwanza tutaweza kupima miaka kumi ya maendeleo bila kuchanganya madaraja. Ningependa watabiri watuwekee mezani vitu viwili pamoja na picha: matokeo ya hesabu ya mwaka 1969 kutoka ramani ileile, na orodha ya pembe ambako kila ulimi unatarajiwa, ikiwa na kiasi cha kosa wanachokiruhusu. Alama zitolewe na kundi jingine. Vigil haitakuwa angani bado, kwa hiyo ukingo wa mashariki utaendelea kutegemea vipimo vilivyochakaa, labda Solar Orbiter iwe upande ule kwa bahati ya mzingo wake. Picha mbili zitakapowekwa ubavu kwa ubavu, mimi nitaanza na ukingo huo.